Mja, Mtumwa na Mtume: Opera ya Omar na Suala la Sauti ya Mtumwa katika Kiswahili, kwa Kuitazama Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Tarehe 27 Mei 2022, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera iitwayo Omar. Mahali hapo palikuwa na maana yake. Ni katika bandari ya mji huohuo ndimo aliposhushwa, mwaka 1807, mwanachuoni wa Kifulani aitwaye Omar ibn Said, mzaliwa wa Futa Toro katika nchi ambayo leo ni Senegal, akauzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Miezi michache baadaye, Januari 1808, sheria ya Marekani iliyopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo ilianza kutumika. Omar alikuwa mtu mzima wa umri wa miaka thelathini na kitu, aliyekwisha kusoma elimu ya dini kwa miaka mingi. Alimkimbia bwana wake mkatili, akakamatwa katika mji wa Fayetteville, North Carolina, na humo gerezani akaandika kwa mkaa ukutani, kwa hati ya Kiarabu. Watu wakaja kumtazama mtumwa anayeandika. Kwa njia hiyo akaangukia mikononi mwa James Owen, ndugu wa gavana, ambaye alimmiliki hadi kufa kwake. Mwaka 1831 Omar aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, kurasa chache tu. Hati hiyo ilipitia mikono mingi, ikapotea machoni mwa wataalamu kwa muda mrefu, na hatimaye ikanunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2017. Tangu mwaka 2019 imekuwa ikisomeka katika intaneti.

Watunzi wa opera hiyo ni wawili. Rhiannon Giddens ni mwimbaji na mpiga banjo, mzaliwa wa North Carolina, jimbo lile lile alilofia Omar. Michael Abels ni mtunzi wa muziki wa okestra, anayejulikana zaidi kwa muziki wa filamu ya Get Out ya mwaka 2017. Mwaka 2023 kazi yao ilipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki.

Huenda msikilizaji akauliza jambo hili linaihusu nini taaluma ya Kiswahili, na zaidi linauhusu nini mji ulio chini ya Kibo. Jibu la swali hilo haliko katika muziki peke yake. Liko kwanza katika lugha: mtumwa Mwislamu anapopandishwa jukwaani, aseme kwa lugha gani, maneno yake yametoka kinywani mwa nani, na je, yapo? Opera ya Omar iliwezekana kwa sababu kulikuwa na hati. Upande wetu wa Afrika, ambako biashara ya watumwa iliendelea hadi mwishoni mwa karne ya 19 na ambako hati ya Kiarabu ilitumika kuandika Kiswahili karne nyingi, hati za namna hiyo ni adimu kwa kiasi cha kushangaza. Uadimu huo ndio kiini cha mhadhara huu.

Watunzi wawili na hati moja

Namna Giddens na Abels walivyogawana kazi inafaa kuelezwa, kwa kuwa fikra iliyozoeleka kuhusu opera ni ya mtunzi mmoja mkuu ambaye mwandishi wa maneno humtumikia. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Giddens ndiye aliyeandika maneno yote, na tuni nyingi zilianza kinywani mwake: aliimba, akajirekodi, akampelekea mwenzake. Abels alizipokea sauti hizo, akazikuza, akazitilia mapatano ya sauti, akaziandika kwa ajili ya okestra na kwaya, na kujenga madaraja kati ya wimbo na wimbo. Mmoja alikuwa na kumbukumbu ya masikio, ya nyimbo za watu weusi wa Kusini zilizopokewa kwa mdomo. Mwingine alikuwa na kalamu ya nota. Onyesho lilipangwa kufanyika mwaka 2020 likaahirishwa kwa sababu ya janga la UVIKO.

Mgawanyo huo haukuwa wa kurahisisha kazi tu. Giddens aliusomea uimbaji wa opera chuoni Oberlin, kisha akauacha na kurudi kwenye banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi ingawa kwa muda mrefu Wamarekani wengi walikihesabu kuwa cha wazungu wa milimani. Mtu wa namna hiyo alipokutana na hati ya Omar hakuona wasifu. Kwa hakika, anayetafuta wasifu ndani ya hati ile ataondoka na machache. Omar anaanza kwa sura nzima ya Kurani aliyoikumbuka, Sura ya 67, al-Mulk, ile ambayo wanafunzi wa chuoni katika pwani yetu wanaijua kwa jina la Tabaraka. Kisha ndipo anaposema habari zake, kwa ufupi, akiwasifu mabwana zake wa mwisho na kumshutumu yule wa kwanza. Wataalamu wamebishana sana kuhusu uchaguzi wa sura hiyo. Neno mulk ni ufalme na umiliki kwa pamoja, na sura inaanza kwa kuuweka umiliki wote mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mtu anayemilikiwa na mtu anaandika, ndani ya nyumba ya anayemmiliki, kwa lugha ambayo mmiliki haisomi, kwamba umiliki si wa binadamu. Wapo wanaoona kuwa huo ni ukinzani uliofichwa. Wapo wanaoona ni uchamungu wa kawaida wa mtu aliyehifadhi. Ni vigumu kuona kwa nini tafsiri moja iifukuze nyingine.

Isitoshe, Omar alibatizwa katika Kanisa la Presbiteri na alikuwa na Biblia ya Kiarabu, ambayo imehifadhiwa katika Chuo cha Davidson, na ndani yake aliandika maneno ya kumsifu Mungu kwa namna ya Kiislamu. Watunzi hawakujaribu kukata shauri kuhusu imani ya moyo wake. Walimzulia msaidizi, Julie, mwanamke mtumwa ambaye historia haimjui, na wakaifanya sauti ya mama yake, Fatima, imfuate ng'ambo ya bahari. Kasoro ya kazi hii, kama ipo, iko hapo: hati yenyewe ni kavu, na opera ina unyevunyevu mwingi wa machozi. Lakini utetezi upo, nao wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), alimtenga Kinjeketile wa historia na yule wa jukwaani, akaomba tamthilia isihukumiwe kwa kipimo cha kumbukumbu za vita.

Kwa upande wa macho, mavazi na jukwaa vilijazwa maandishi ya Kiarabu, kana kwamba hati ile imekuwa nguo. Msomi wa Kiswahili hawezi kuliona jambo hilo bila kukumbuka kanga, ambazo jina lake hapo zamani liliandikwa pia kwa hati ya Kiarabu, na ambazo wanawake waliotoka utumwani Unguja walizikimbilia mara walipoweza kuzinunua, wakiacha kaniki na merikani zilizowatambulisha kuwa watumwa.

Merikani: kutoka Carolina hadi Kilimanjaro

Neno hilo merikani linastahili kusimamiwa kidogo, maana ndilo daraja la kweli kati ya nchi ya Omar na miteremko ya Kilimanjaro. Merikani ni shuka nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa kusini kwa mikono ya watumwa. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, nguo hiyo ilimiminika Unguja, na kutoka Unguja ikapanda bara kwa mabega ya wapagazi. Ilikuwa fedha ya msafara: hongo ililipwa kwa merikani, chakula kilinunuliwa kwa merikani, na pembe na watu vilevile. Omar alipokuwa akiandika Tabaraka huko North Carolina mwaka 1831, pamba ya majirani zake ilikuwa njiani kuja kununua watu Afrika ya Mashariki. Hakuijua Kilimanjaro, wala Kilimanjaro haikumjua; shuka iliwajua wote wawili.

Misafara ya kwenda Uchagani ilipanda kutoka Mombasa, Tanga na Pangani. Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848 na kuiona theluji tarehe 11 Mei, hakuwa mgunduzi wa njia. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyekwisha kuizoea. Charles New alipofika Moshi mwaka 1871 alimkuta Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, kijana mwerevu aliyeielewa biashara kuliko wageni wake. Harry Johnston alikaa kwake mwaka 1884. Wageni hao walizungumza na Rindi kwa Kiswahili. Jambo hili husifiwa mara nyingi katika maandishi ya kueneza Kiswahili, kuwa ni ushahidi wa jinsi lugha ilivyofika mapema katika milima. Ni kweli. Lakini haisemwi vya kutosha kwamba Rindi alijifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara waliokuja kununua pembe na mateka, na kwamba miongoni mwa mateka hao walikuwamo wanawake na watoto waliochukuliwa katika vita vya Wachaga kwa Wachaga. Kiswahili kilipanda mlima kwa njia ile ile walioshuka kwayo waliofungwa. Rindi alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, naye anakumbukwa kwa haki kama shujaa. Walioshuka Pangani hawana majina.

Sheria zilikuja polepole. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa huko mwaka 1897. Utawala wa Wajerumani bara ulitosheka na kutangaza kuwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Katika Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1922, miaka kumi na zaidi baada ya reli ya Tanga kufika Moshi.

Wasifu tatu

Wasifu wa watu walioishi ndani ya utumwa wa Unguja unaweza kuwekwa mezani mara tatu, na kila mmoja uko katika lugha yake.

Wa kwanza ni wa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyekimbia Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886 kwa Kijerumani, na ndani yake imo sura inayoutetea utumwa wa nyumbani kwao mbele ya wasomaji wa Ulaya. Wa pili ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Kiswahili cha kupendeza, kikavu, kilichojaa hesabu za pembe. Wa tatu ni wa Rashid bin Hassani, Mbisa kutoka nchi iliyo leo Zambia, aliyetekwa akiwa mtoto, akafikishwa Unguja, akawa mtumwa wa Bibi Zem Zem wa ukoo huohuo wa kifalme. Habari zake ziliandikwa na W. F. Baldock na kutiwa ndani ya kitabu Ten Africans, kilichohaririwa na Margery Perham na kutolewa London mwaka 1936.

Basi bibi amesema kwa Kijerumani, mfanyabiashara kwa Kiswahili, na mtumwa kwa Kiingereza. Lugha ya mtu aliyekulia utumwani Unguja ilikuwa Kiswahili. Lakini Rashid aliyemfikia msomaji amevuliwa lugha hiyo. Katika kitabu kilekile Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma shule za misheni, aliandika sura yake mwenyewe kwa mkono wake. Rashid aliandikiwa. Tofauti hiyo ndogo ya ukurasa wa yaliyomo ina historia nzima ya elimu ndani yake.

Itajibiwa kwamba kuna James Mbotela na Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi. Kipo, na thamani yake ni kubwa, kwa kuwa Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyeokolewa na manowari za Kiingereza na kuwekwa Freretown, Mombasa. Lakini hicho ni kitabu cha Kikristo cha shukrani. Mwokozi wake anajulikana tangu ukurasa wa kwanza, na Mwarabu ndiye adui wa daima. Mtumwa aliyesilimu, akabaki na dini aliyoipata nyumbani kwa bwana wake, akaiona kuwa yake wala si ya bwana, hana nafasi katika mpango huo. Ndiye huyo ambaye Omar ibn Said, kwa njia ya kinyume, anamkumbusha msomaji: Omar aliingia utumwani na Uislamu wake, Rashid aliupata utumwani. Mmoja aliombwa auache, mwingine aliuona kuwa mlango wa kuingia katika ungwana. Opera inayowatendea watu hawa wawili kama mhusika mmoja itakuwa imekosea tangu mwanzo.

Maneno

Tuseme watunzi wawili wa Moshi wanaamua kuifanyia kazi habari ya Rashid. Kazi yao ya kwanza si ya nota. Ni kukirudisha Kiingereza cha mwaka 1936 katika Kiswahili ambacho kilikuwapo kabla yake, na hapo ndipo taaluma inapodaiwa.

Neno moja la Kiingereza kwa mtumwa linafunika angalau maneno matano ya pwani. Mateka ni aliyekamatwa vitani. Mjinga, kabla neno halijapata maana yake ya leo, alikuwa mtumwa mgeni aliyetoka bara, asiyejua lugha wala desturi. Mzalia alizaliwa nyumbani, akajivunia hilo mbele ya mjinga. Mjoli ni mtumwa mwenza, neno la mapenzi na la mashindano pia. Mtumwa ni jina la wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyajua mambo haya kwa undani, na mtunzi asiyemsoma atakuwa anaandika utumwa wa filamu za Marekani. Hata kibarua, neno la kila siku la mfanyakazi wa kutwa katika mashamba ya kahawa na miwa ya Kilimanjaro, lilitokana na kijibarua, kile kipande cha karatasi cha hesabu alichopewa mtumwa aliyekodishwa kwa siku ili bwana wake apate sehemu ya ujira.

Kisha kuna shina lenyewe. Mtumwa ni aliyetumwa, kauli ya kutendwa ya kutuma. Mtume, kutoka shina lilelile, ni Mtume. Kati ya cheo cha juu kabisa ambacho binadamu anaweza kupewa na hali ya chini kabisa kuna irabu moja na alama moja ya kutendwa. Kiarabu hakina mlingano huo. Chenyewe kina mwingine. Neno abd ni mtumwa wa mtu na ni mja wa Mungu kwa wakati mmoja, na ndilo lililo katika majina kama Abdallah na Abdurahman. Mwandishi wa Kiarabu aliye utumwani anapojiita abd, msomaji hawezi kujua kwa hakika anamkiri nani. Kiswahili kimekataa utata huo: kimemweka mja upande mmoja na mtumwa upande mwingine, wala hakuna anayesema mja wa Bibi Zem Zem. Kwa hiyo opera ya Kiswahili haiwezi kuutafsiri mchezo wa Omar, ila inao mchezo wake, mtume na mtumwa, ambao kinywa cha mwimbaji kinaweza kuukawiza au kuufupisha. Mwalimu wa sarufi anaweza kuona huu ni upuuzi wa mofolojia. Mtunzi wa muziki, ambaye kazi yake ni kuamua silabi gani ishikwe kwa muda gani, hataona hivyo.

Kusoma, kughani, kuimba

Liko tatizo jingine lililo zito zaidi, nalo ni la adabu. Mtumwa Mwislamu jukwaani lazima aswali, au asome, au angalau alitaje jina la Mungu. Je, aimbe? Waswahili wana jibu ambalo limo katika vitenzi vyao. Kurani husomwa. Maulidi pia husomwa, ingawa ina mahadhi na dufu, na watu huitikia kwa pamoja. Utenzi hughaniwa, au husomwa. Nyimbo na taarabu ndizo zinazoimbwa. Mgeni akisikiliza kwa masikio matupu ataona vyote ni uimbaji. Mwenyeji anajua kuwa kitenzi ndicho kinachoweka mpaka. Kumtia mwimbaji aya ya Kurani pamoja na okestra ni kulivuka jambo ambalo Waislamu wengi wa Moshi na wa pwani wangelikataa, na kukataa kwao kusingekuwa ushamba wala chuki ya sanaa, bali kulinda mpaka ambao lugha yao imeuchora zamani.

Utenzi unaonyesha njia. Tangu zamani mshairi wa pwani huanza kwa kumtaja Mungu, kisha huomba aletewe wino, kalamu na karatasi nzuri ili aanze. Dibaji hiyo hupitwa haraka na wanafunzi wa fasihi kama jambo la mazoea. Lakini ukiiweka karibu na Omar wa gerezani Fayetteville, asiye na wino wala karatasi, mwenye mkaa na ukuta tu, dibaji inaacha kuwa mazoea. Mtu anaanza kwa Mungu, kisha anatafuta kitu cha kuandikia. Watunzi wa opera ya Kiswahili wangeweza kumfanya Rashid aghani badala ya kuimba kila inapomjia dini, kwa mizani minane, bila okestra, huku wengine wote wakiimba. Tofauti ya kitenzi ingesikika.

Aidha, vyombo viko. Miteremko ya Kilimanjaro ina utajiri wa muziki wa kuandikwa na wa kukumbukwa ambao sehemu nyingine za nchi hazina kwa kiasi hicho. Makanisa ya Kilutheri, tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893, yamekuza kwaya za sauti nne na bendi za matarumbeta ambazo husikika harusini na mazikoni. Misikiti na madrasa ya mji wa Moshi ina kasida na dufu. Kuna ngoma za Kichaga na nyimbo zake za kuitikiana. Uganda ilishatangulia: oratorio ya Joseph Kyagambiddwa kuhusu mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964, kwa Kiganda na kwa ngoma. Hapo Moshi mpiga tarumbeta anayesoma nota na mwalimu wa kasida asiyezisoma wanaweza kuishi mtaa mmoja miaka ishirini bila kufanya kazi pamoja. Mgawanyo wa Giddens na Abels, masikio kwa upande mmoja na kalamu kwa upande mwingine, unaweza kuwafaa sana, ingawa utawalazimisha waelewane kuhusu jambo ambalo dini zao haziafikiani.

Na utawalazimisha zaidi ya hapo. Katika opera ya Omar, waovu na wema wanatambulikana kwa macho, na umma wa Charleston ulijua tangu zamani nani alimuuza nani. Mlimani si hivyo. Atakayeimba nafasi ya mangi anayeuza mateka atakuwa anaimba mbele ya wajukuu wa mangi huyo, na pengine wajukuu wa mateka waliobaki, walioolewa, walioingizwa katika ukoo na kupewa kihamba, wamekaa viti vya jirani bila kujua. Koo nyingi hukumbuka babu aliyetoka mbali. Chache husema alitokaje. Msimulizi wa mwaka 1936 angalau alikuwa na ujasiri wa kusema kuwa alinunuliwa.

Lililobaki ni suala la onyesho la kwanza. Rashid alipotekwa alikuwa mtoto wa Kibisa, na Kibisa si Kiswahili. Watekaji walipomwamuru atembee, anyamaze, ale, walimwamuru kwa lugha asiyoielewa, na amri hizo ndizo zilizokuwa somo lake la kwanza. Mtunzi anaweza kumfanya aimbe Kiswahili fasaha tangu pazia linapofunguliwa, kama Aida anavyoimba Kiitalia, na hadhira haitalalamika. Au anaweza kumpa Kibisa katika sehemu ya kwanza, pasipo tafsiri, huku kwaya ya wapagazi ikimzingira kwa Kiswahili, na kumwacha ajifunze neno moja moja mbele ya watu: njoo, kaa, beba, haya. Hadhira ya Moshi ingejikuta inaielewa lugha ya msafara na haimwelewi mtoto.